NGUO LAINI BILA GHARAMA: SOMO LA MAJI, SABUNI NA UPEPO

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika ukurasa huu sitakuletea ngano wala mafumbo, bali somo juu ya kazi ambayo wengi wetu huifanya jioni tufikapo nyumbani, nayo ni kufua. Sisi wanafunzi wa kutwa hatuna dobi. Wengine wetu tuna sare mbili, wengine moja tu. Shati lililovaliwa leo hufuliwa usiku, na kesho asubuhi linatakiwa langoni likiwa safi na kavu. Lakini mara nyingi huanuliwa kambani likiwa limekakamaa kama ng'onda. Kola hukwaruza shingo, taulo hukwangua uso kama msasa, na winda za mtoto mchanga humtoa vipele mapajani.

Siku hizi jibu la wengi ni kukimbilia dukani kununua kifuko kidogo cha kilainishi, yaani yale maji mazito yenye manukato yanayotiwa katika maji ya mwisho ya kusuuzia. Wapo hata wanaotoa nauli yao na kwenda nyumbani kwa miguu ili wanunue kifuko hicho, kwa kuwa wanadhani ati nguo isiyonukia dukani ni nguo ya kimaskini. Nia yangu si kumcheka mtu. Nia yangu ni kueleza kwa nini nguo hukakamaa, kilainishi hufanya kazi gani hasa, na ni njia zipi nyingine tulizo nazo hapa petu Pwani. Ukijua ugonjwa, dawa haikupi shida.

1. KWA NINI NGUO HUKAKAMAA?

Sababu ni tatu, nazo husaidiana.

(a) Maji magumu. Visima vingi vya Pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Matumbawe ni chokaa, na ndiyo maana mawe ya aina hii huchimbwa Bamburi kutengenezea saruji. Mvua inyeshapo hupita hewani na udongoni ikibeba gesi ya kabonidayoksaidi, na hivyo huwa na asidi kidogo sana. Maji hayo yakipenya mwambani huyeyusha chokaa polepole na kuibeba. Maji yaliyobeba madini ya kalisiamu na magnesiamu kwa wingi ndiyo yaitwayo maji magumu. Ukitaka ushahidi, tazama ndani ya birika la nyumbani kwenu. Yale magaga meupe yaliyoganda kitakoni ni chokaa iliyotoka majini.

Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo haitoi povu mara moja, bali hugeuka utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni. Utando huo hauyeyuki majini, hujibandika kwenye nyuzi za nguo. Shati jeupe hupoteza weupe wake na kitambaa huwa kigumu. Kumbe sabuni ya kwanza tunayosugua haisafishi kitu, inapigana na chokaa tu! Sabuni ya unga ina nafuu, kwa kuwa imetengenezwa kwa namna nyingine na haifanyi utando kirahisi. Hata hivyo, maji yakikauka, chokaa iliyomo hubaki kitambaani.

Visima vilivyo karibu na bahari vina jambo la zaidi, nalo ni chumvi. Nguo iliyofuliwa kwa maji ya chumvichumvi huonekana imekauka, lakini ukiivaa siku ya mawingu unahisi unyevunyevu, maana chumvi huvuta maji yaliyomo hewani.

(b) Sabuni iliyobaki. Wengi tunaamini kwamba povu jingi ndio usafi. Tunamwaga unga wa sabuni bila kupima, kisha kwa kuwa maji ni ya kununua au ya kuteka mbali, tunasuuza mara moja tu. Sabuni inayobaki hukauka ndani ya nyuzi na kuzikamatisha. Jasho likiilowesha tena shuleni, mwili huanza kuwasha. Mara nyingi vipele vya shingoni na kwapani si uchafu, bali ni sabuni.

(c) Maji yaliyofungwa katika nyuzi. Hii ndiyo sababu iliyonishangaza zaidi. Hata ukifua taulo la pamba kwa maji yasiyo na madini yoyote, ukilitundika mahali palipotulia litakakamaa. Mwaka 2020 watafiti wa Japani kutoka kampuni ya Kao na Chuo Kikuu cha Hokkaido walichapisha uchunguzi wao kuhusu jambo hili. Walieleza kwamba pamba hata ikikauka hubaki na maji kidogo mno yaliyoshikamana na uso wa nyuzi zake. Maji hayo hayako kama maji ya kawaida. Hufanya kazi ya gundi, yakiunganisha unyuzi na unyuzi mwenziwe. Ndiyo maana taulo lililokakamaa ukilifikicha kwa mikono hulainika, kwa kuwa umezivunja gundi hizo ndogondogo. Shika sana neno hili, tutalirudia.

Jaribio la nyumbani. Chukua chupa mbili safi zinazolingana. Moja itie maji ya kisima nusu chupa, ya pili maji ya mvua nusu chupa. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu upate vipande vidogo vinavyolingana. Tia kipande kimoja katika kila chupa, funga, tikisa huku ukihesabu hadi ishirini. Utaona chupa ya maji ya mvua imejaa povu, na ile ya kisima ina maji ya kijivu kama ya kuoshea mchele. Endelea kuongeza kipande kimoja kimoja katika chupa ya kisima hadi povu litulie juu. Idadi ya vipande ulivyoongeza ndiyo sabuni unayoipoteza kila ufuapo.

2. KILAINISHI CHA DUKANI HUFANYA NINI?

Kilainishi si sabuni wala hakisafishi. Ndani yake mna chembe ambazo tunaweza kuzifananisha na kiluwiluwi, yaani zina kichwa na mkia. Kichwa kina chaji chanya ya umeme, na mkia ni wa mafuta. Nyuzi za nguo zikiwa majini huwa na chaji hasi. Basi, kwa kuwa chaji zisizofanana huvutana, kichwa hushika uzi na mkia wa mafuta hutazama nje. Nguo yote huvikwa utando mwembamba wa mafuta. Nyuzi huteleza, haziunganishwi tena na ile gundi ya maji, na mkono unahisi ulaini.

Hapo tunaelewa mambo mawili. Kwanza, ni kwa nini kilainishi hutiwa katika maji ya mwisho. Chembe za sabuni zina chaji hasi, kwa hiyo ukivichanganya viwili hivyo hushikana vyenyewe kwa vyenyewe, na umepoteza sabuni na kilainishi pia. Pili, ni kwa nini taulo linalonukia vizuri halikaushi mwili. Mafuta na maji hayapatani. Taulo lililotiwa kilainishi kila juma hulimbikiza mafuta, na maji huteleza juu yake badala ya kunyonywa. Mambo ni hayo hayo kwa winda za mtoto. Mama anadhani amemfanyia mwanawe hisani, kumbe winda haishiki mkojo vyema, na manukato yaliyomo huweza kuwasha ngozi changa.

Sisemi kilainishi ni sumu. Mgala muue na haki umpe. Kwa sweta au blanketi, kilainishi kidogo mara mojamoja hakina neno. Ninachosema ni kwamba hakiondoi chokaa wala sabuni iliyobaki, bali huzifunika tu.

3. MIPIRA YA KUKAUSHIA NGUO

Huko Marekani na nchi nyingi za Ulaya, nyumba nyingi zina mashine ya kukaushia nguo. Ni pipa la chuma linalozunguka huku likipulizwa hewa ya moto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani aitwaye Conrad Gaiser alibuni kitambaa kilichopakwa kilainishi ambacho hutiwa ndani ya pipa pamoja na nguo. Baadaye watu waliochoshwa na manukato na gharama wakaanza kutumia mipira ya sufu. Sufu ya kondoo hufingirishwa na kubanwa hadi iwe mpira mgumu kidogo, na mipira mitatu au zaidi hutupwa ndani ya pipa. Ipo pia ya plastiki yenye vijipembe.

Mipira hiyo haina dawa yoyote. Inaporukaruka ndani ya pipa huzitenganisha nguo zisijiviringe pamoja, hewa ya moto ikapata njia ya kupita. Pia huzipigapiga nguo zinapokauka. Hapa ndipo lile neno la gundi linapotufaa. Nguo inayotikiswa na kupigwa wakati inakauka haipati nafasi ya kufunga gundi zake, kwa hiyo hutoka laini.

Je, tuitafute mipira hiyo? Hapana. Mipira bila mashine haina kazi, na mashine yenyewe hula umeme mwingi sana. Hapa petu utaikuta katika hoteli kubwa za ufuoni na katika baadhi ya hospitali, si kwenye nyumba zetu. Lakini kanuni yake tunayo bure. Pipa letu ni kamba ya uani, hewa ya moto ni jua la Pwani, na mpira wetu ni upepo pamoja na mikono miwili. Anayekung'uta nguo vizuri amekwisha kuwa na mashine.

4. NJIA ZETU MBADALA

(a) Maji ya mvua. Haya ndiyo maji laini kuliko yote, maana hayajagusa mwamba. Wakati wa masika na wa vuli, kinga maji kutoka kwenye paa la mabati. Maji ya mwanzo yaache yaende, kwa kuwa huosha vumbi na vinyesi vya ndege. Paa la makuti halifai kwa nguo nyeupe, sababu maji yake hutoka na rangi ya chai. Ikiwa maji ya mvua ni machache, yatumie kusuuzia tu. Usuuzaji wa mwisho ndio unaoamua kitakachobaki ndani ya nguo. Mwenzetu aliyehamia hapa kutoka Nairobi, aliyezoea maji ya bwawa la Ndakaini yatokayo milima ya Nyandarua, atakwambia tofauti yake. Kule kipande cha sabuni hudumu, huku huisha kama barafu.

(b) Magadi. Magadi ambayo mama hutia kidogo kwenye maharagwe yaive haraka hutoka Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado. Uchimbaji wa kiwanda huko una zaidi ya miaka mia moja, kwani kampuni ya magadi iliundwa mwaka 1911. Magadi ni chumvi ya sodiamu. Ukiitia katika maji magumu, hukamata kalisiamu na kuigeuza kuwa unga mweupe wa chokaa unaozama chini. Twanga kijiko kimoja cha chakula, koroga katika mtungi wa lita 20, uache utulie usiku kucha, kisha mimina polepole bila kutibua masimbi. Maji ya juu yatatoa povu kwa sabuni kidogo tu. Lakini angalia: magadi ni alkali, huharibu sufu na hariri. Usiitie kwenye sweta ya sufu. Na mikono yenye michubuko itakuambia yenyewe.

(c) Kuchemsha. Maji yakichemka, sehemu ya chokaa hutengana na kuganda. Ugumu unaoondoka hivi huitwa ugumu wa muda. Ule usioondoka kwa moto huitwa ugumu wa kudumu. Njia hii ni ya kweli darasani, lakini kwa bei ya makaa siwezi kukushauri uchemshe maji ya kufulia nguo za nyumba nzima. Ifae kwa winda za mtoto, ambazo zinahitaji kuchemshwa kwa vyovyote.

(d) Siki nyeupe. Siki ina asidi kidogo. Robo kikombe katika beseni la lita 10 za maji ya mwisho ya kusuuzia huyeyusha chokaa iliyoshika nyuzi na kuvunja nguvu ya alkali ya sabuni iliyobaki. Harufu yake hupotea nguo ikikauka. Masharti ni mawili. La kwanza, hakikisha povu limekwisha kabla ya kutia siki, kwa sababu siki ikikuta sabuni nyingi huigeuza kuwa mafuta yanayonata. La pili, usitie siki na magadi katika maji yale yale. Zote mbili huuana nguvu, ukabaki na maji matupu.

(e) Kupima sabuni. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote na ndiyo tusiyoipenda. Punguza sabuni ya unga hadi povu liwe la wastani, kisha suuza mara mbili au tatu kwa maji kidogo kidogo. Maji ya ndoo moja yaliyogawanywa mara tatu husafisha zaidi kuliko ndoo hiyo hiyo ikitumiwa kwa mara moja. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho usiyamwage, yatafulia soksi.

(f) Kukung'uta na kuanika. Kamua nguo, kisha ishike ncha mbili uikung'ute kwa nguvu mara tano au sita kabla ya kuitundika. Ianike penye upepo. Ikikaribia kukauka, ishike tena uikung'ute na kuifikicha kola na mikono. Ianue ikiwa bado na unyevu mdogo sana uipige pasi, au ikunje vizuri. Nguo ya rangi igeuze ndani nje jua lisiipaushe. Usianike nyasini wala mchangani, maana kuna nzi atagaye mayai juu ya nguo mbichi, na funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji. Pasi ya moto huyaua mayai hayo.

5. TAHADHARI MBILI ZA KUOKOA MAISHA

Ya kwanza: usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ya klorini ambayo wengi tunaiita jiki. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma macho, koo na mapafu. Usichanganye hata kwa kutumia beseni moja ambalo halijaoshwa. Ikiwa umetumia jiki leo, siki ingoje siku nyingine.

Ya pili inatuhusu hasa sisi wa kutwa. Usiku wa mvua, shati likikataa kukauka, wengine hulitundika juu ya jiko la makaa ndani ya chumba, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kabonimonoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, humlevya aliyelala na kumuua bila yeye kujua. Shati linaweza kungoja. Ni afadhali kuingia darasani na shati bichi kuliko kutoingia kamwe.

Badala yake fanya hivi. Fua mapema mara ufikapo nyumbani, kabla ya kazi za ziada za shule. Kamua shati, litandaze juu ya taulo kavu, viringisha taulo na shati pamoja kama mkeka, kisha likanyage au ulikamue. Taulo litanyonya maji mengi. Kung'uta, tundika karibu na dirisha lililo wazi, na asubuhi malizia kwa pasi.

6. HESABU KIDOGO

Tuseme nyumba yenu hufua mara mbili kwa juma na kila mara hutumia kifuko kimoja. Muhula wa majuma 13 utamaliza vifuko 26. Mihula mitatu ni vifuko 78, tusihesabu likizo. Zidisha kwa bei ya duka la mtaani kwenu, kisha uweke jibu kando ya bei ya daftari, au ya mtungi wa maji. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukitoboa. Tena, sabuni inayoliwa na chokaa haimo katika hesabu hii.

HITIMISHO

Tumeona kwamba ukakamavu wa nguo hutokana na chokaa ya maji, sabuni iliyobaki na maji yaliyofungwa katika nyuzi za pamba. Kilainishi hufunika tu. Maji ya mvua, magadi na siki huondoa chokaa, kusuuza vyema huondoa sabuni, na kukung'uta huvunja ile gundi. Kila njia ina mahali pake, wala si lazima uzifuate zote kwa siku moja. Na wewe mwenzangu ambaye kazi ya kufua umemwachia dada yako au mama yako, somo hili ni lako pia, tena lako zaidi. Atakayeinama juu ya beseni jioni hii awe ni wewe.

MSAMIATI

Anua – toa nguo kambani baada ya kukauka.
Kakamaa – kuwa kigumu, kutokunjika kwa urahisi.
Magaga – maganda magumu yaliyoshikamana na kitu.
Masimbi – kitu kizito kinachozama chini ya maji au mafuta.
Ng'onda – samaki aliyekaushwa.
Winda – kitambaa anachofungwa mtoto mchanga, nepi.

MASWALI

1. Eleza kwa nini maji ya kisima cha matumbawe huchelewa kutoa povu.
2. Kwa nini kilainishi hakitiwi pamoja na sabuni?
3. Mpira wa sufu na mkono unaokung'uta nguo hufanana vipi kwa kazi?
4. Taja vitu viwili visivyofaa kuchanganywa na siki, na ueleze sababu ya kila kimoja.
5. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti kati ya anika na anua.
6. Fanya lile jaribio la chupa mbili kwa maji ya kwenu, kisha ulete matokeo kwenye mkutano wa chama.